Kwenda Nairobi kutoka Malindi kwa njia ya Sala: mambo ya kuzingatia kabla

Watu wengi wa Malindi wakienda Nairobi kwa gari hupitia Kilifi, kisha Mombasa, au hukata pale Mavueni wakatokea Mariakani kupitia Kaloleni. Njia ya Sala ni habari nyingine. Unapita Kakoneni na Langobaya, unaingia mbuga ya Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, unafuata mto Galana, ule ule tunaouita Sabaki unapofika kwetu, halafu unatokea Voi au Manyani. Ng'ambo ya mto unaona mwinuko wa Yatta, mwamba wa volkano ulionyooka kwa takriban kilomita 300, na ukikaribia Voi milima ya Sagala na Taita inaanza kujitokeza. Mimi naipenda njia hii kuliko zote za kutoka pwani. Ila ni nchi kavu, na ukishaliacha Malindi hupati mji wa maana mpaka Voi, kwa hiyo lolote utakalohitaji libebe tangu nyumbani.

Saa ndiyo inayoamua safari nzima. Milango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na mwendo ndani ni kilomita 40 kwa saa tu. Kutoka Sala hadi Voi ni kama kilomita 100, na hakuna apitaye pale asisimame kutazama tembo waliojipaka vumbi jekundu. Baada ya hapo bado una zaidi ya kilomita 300. Ukiswali alfajiri, washa gari. Na ikiwa saa nane mchana imekukuta bado uko mbugani, lala Voi. Barabara ya Mombasa usiku, na yale matrela yanayopishana kwa pupa, si mahali pa kumpeleka mtu na watoto wake.

Msimu nao uuangalie. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, barabara ya udongo huweza kugeuka tope. Waulize madereva waliopita juzi. Wakisita kukujibu, zunguka Mariakani bila kujuta.

Gari lipeleke kwa fundi siku mbili kabla, si jioni ya kuamkia safari, ili kama kuna cha kubadilishwa kipatikane. Aangalie rejeta, fenibelti, breki na betri. Tairi ya akiba watu huisahau: imekaa chini ya gari miaka, upepo umeisha, na hakuna anayejua. Ishushe, ijaze, uone kama nati za magurudumu zinafunguka kwa spana uliyo nayo. Chukua pia kipande cha ubao kinene, kiasi cha upana wa viganja viwili, maana jeki ikiwekwa juu ya mchanga huzama badala ya kuinua gari. Ukipata pancha mbugani, usishuke kwa haraka. Tazama pande zote, na mmoja abaki akiangalia vichaka huku mwingine akifunga tairi. Mtoni usisogee kabisa, mamba wapo. Jaza tanki Malindi.

Maji yanataka mpango wake. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani, kwa hiyo yale maji ya dukani yaache. Beba madumu na chupa za kudumu, lita tano kwa kila mtu, na dumu jingine la rejeta. Rejeta ikichemka, zima gari usubiri ipoe. Kifuniko cha moto huunguza uso. Mahamri, mayai ya kuchemsha na tende vinatosha mpaka Voi.

Kiingilio lipa mtandaoni kabla hujaondoka, kwa sababu fedha taslimu hazipokewi langoni na mtandao huko si wa kutegemea. Vitambulisho viwe karibu. Mtumie mtu wa nyumbani namba ya gari, lango utakalotokea na saa unayotarajia kutoka. Asipokusikia, ajue pa kuanzia kuuliza.

Barabara kuu haina mengi, isipokuwa uchovu. Pumzikeni Mtito Andei, au msogee hadi Makindu, ambako hekalu la Masingasinga huwakaribisha wasafiri wa dini zote kwa chai na chakula bila malipo. Vueni viatu na mfunike vichwa. Sweta zisiwe chini ya mizigo, hasa Julai: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na jioni yake si ya Malindi. Mlolongo ndipo foleni hukaza. Kama mnakwenda upande wa Westlands, ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, inawatoa humo.