Kubebesha michungwa kwa jicho: cheki ganda kwanza, kisu baadaye

Watu wengi wakisikia kubebesha miche, yaani kupachika jicho (kichipukizi ambacho hakijafunguka) la mti mzuri kwenye mche mwingine, wanawaza kisu tu, kisu gani kizuri, nailoni gani ya kufungia, unakata vipi, wakati jicho likikataa kushika mara nyingi shida ilianza kabla hata kisu hakijaguswa, aidha ganda lilikuwa halibanduki au jicho lenyewe lilikuwa bovu.

Hapa naongelea machungwa na machenza maana ndo yanabebeshwa sana kwa jicho. Mche wa chini, ule utakaobeba, uwe na unene wa penseli hivi kwenye kimo cha sm 20 mpaka 30 kutoka ardhini. Wengi wanaotesha limau lile lenye ngozi ya makunyanzi, linakua haraka na linavumilia ukame, ila kwenye udongo unaotuamisha maji mizizi yake inaoza. Mdanzi, ule wa machungwa machungu, unahimili hapo vizuri zaidi, lakini ukibebesha chungwa tamu juu yake alafu kirusi cha tristeza kikaingia shambani mti unaweza kunyauka wote, kwa hiyo kama ugonjwa huo upo eneo lako achana na mdanzi.

Sasa ganda la mche wa chini. Chana kidogo tu na unyanyue kwa ncha ya kisu, likibanduka lenyewe na ndani pana utelezi, kazi iendelee. Likinata na kuchanika vipande vipande, huo mche una kiu au umelala, haukui kwa sasa, mwagilia siku kadhaa ndo urudi, ukilazimisha unapoteza macho bure.

Macho toa kwenye mti unaozaa tayari, unaoujua matunda yake na hauna ugonjwa. Chukua tawi la mviringo, lisilo na pembepembe, lililokomaa kiasi, macho yamenona ila hayajafunguka, na yale machipukizi yanayopanda wima yana miiba mirefu yaache. Ukikata tawi toa majani hapo hapo ila bakiza kijiti cha jani (kikonyo chake), kina kazi yake mbele, alafu viringisha kwenye kitambaa kibichi na uweke kivulini.

Kukata kwenyewe ni alama ya T kwenye mche wa chini, msitari wa kusimama kama sm 3, unakata ganda tu usiingie kwenye mti. Jicho unalichonga na kipande cha ganda cha sm 2.5 hivi, shika kile kijiti, usiguse upande wa ndani kwa vidole, lichomeke ndani ya ile T likiangalia juu (kuna watu wanageuza, kweli kabisa!) na funga nailoni ukianzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yasipenye. Usichelewe, jicho likikauka ndo basi.

Kingine ambacho watu wanapuuza ni kusafisha kisu kila unapohama mti. Spiriti peke yake haitoshi, kimelea cha eksokortisi (ugonjwa wa michungwa) kinasafiri kwenye makali na spiriti haikiui, tumia maji ya klorini, alafu pangusa na upake mafuta kidogo maana klorini inaleta kutu.

Baada ya wiki 2 au 3 fungua. Gusa kile kijiti cha jani, kikidondoka chenyewe na jicho ni la kijani basi limeshika, kikiwa kimekauka na kimeng'ang'ania jicho limekufa, bebesha tena upande wa pili.

Hapo wengi wanakimbilia kukata kichwa chote cha mche, mi siwashauri. Kata nusu ya shina sm 10 hivi juu ya jicho, upande ule ule wa jicho, ulaze kichwa chini bila kukitoa, yale majani bado yanalisha mizizi wakati jicho linaamka. Chipukizi likifika sm 20 au 30 ndo unaondoa kabisa kwa mkato wa mshazari, na ulifungie kijiti cha kulishikilia lisipinde.

Vichipukizi vyovyote vinavyotoka chini ya kiungo, pale jicho lilipopachikwa, ving'oe kila wiki vikiwa laini, vina nguvu kuliko jicho lako na ukizubaa utakuja kuvuna malimau. Siku ya kupeleka shambani usifukie kiungo, kibaki juu ya udongo walau sm 15, na matandazo nayo yakae mbali na shina.