Somo: Namna ya kumpima kijana wa sekondari anayecheza besiboli

Wengi wetu tunaolea watoto Marekani tumekulia kwenye soka. Kijana akichagua besiboli tunashika karatasi ya takwimu, tunaona wastani wa .450 (kila mara 100 za kupiga, 45 zimemfikisha kituoni salama), tunaanza kuota ligi kuu ya besiboli. Karatasi hiyo haisemi alikuwa anarushiwa mpira wa kasi gani. Anayetawala warushaji wa maili 75 kwa saa bado hajapimwa. Jifunzeni kutazama mwili na mpira wenyewe.

Hatua ya 1: Fika mapema. Mechi nzima inaweza kuisha bila mpira hata mmoja kumfikia mlinzi wa nje. Nguvu ya mkono wake wa kurusha utaiona kwenye mazoezi ya kabla ya mechi.

Hatua ya 2: Elewa kipimo. Wasaka vipaji hupima mambo matano: kupiga kwa uhakika, nguvu ya kupiga, mbio, mkono na udakaji. Alama ni 20 hadi 80. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, si wa shule, kwa hiyo usishtuke mwanao akipata 30. Kila jambo lina alama mbili, ya leo na ya atakapokomaa.

Hatua ya 3: Mbio. Anza kuhesabu gongo linapogusa mpira, simamisha mguu unapokanyaga kituo cha kwanza. Ni futi 90. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, sekunde 4.3 ni alama 50. Wa kushoto 4.2, kwa kuwa anasimama karibu zaidi na kituo. Pima mara nyingi, maana wengine hulegea wakijua wametolewa, na hilo nalo liandike.

Hatua ya 4: Mkono na glavu. Tazama miguu kabla ya mikono. Mdakaji wa nyuma ya mpigaji mpime tangu mpira unapogonga glavu yake hadi unapofika kituo cha pili: ligi kuu ni kama sekunde 2.0.

Hatua ya 5: Kupiga. Hapa kaa sana. Ndilo jambo gumu kuliko yote kulikisia na ndilo linaloamua maisha ya mchezaji. Sekondari hutumia magongo ya chuma au ya mchanganyiko. Wanaolipwa hutumia mbao. Sheria za 2012 zilipunguza nguvu ya magongo hayo, lakini bado yanasamehe: mpira uliogonga gongo karibu na vidole vya mpigaji, ambao ungevunja mbao, huweza kuruka salama. Tafuta mechi za kiangazi za magongo ya mbao.

Nguvu unaweza kuiona mazoezini. Uhakika unaonekana kwenye mechi tu. Je, anaacha mipira mibaya ipite? Mpira unaopinda ukija, goti linalegea? Akibakiza nafasi moja, anafupisha pigo au anazungusha vilevile kwa hasira? Niliwahi kumtazama kijana aliyetolewa mara tatu siku moja, na mara zote tatu alipiga mpira mkavu moja kwa moja kwenye glavu ya mtu. Kwenye karatasi, sifuri. Kwangu alikuwa bora uwanjani.

Hatua ya 6: Mrushaji. Mpira wa kasi wa ligi kuu ni wastani wa maili 94 hivi. Rada ikisoma 90 kwa kijana wa sekondari, watu watakuja. Wewe tazama kama anaifikisha kasi hiyo hadi kipindi cha tano cha mechi, na kama kila mrusho unatoka mahali pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama, Minneapolis: Mwalimu, wangu ana miaka 16 na kocha anamrushisha kila mechi. Nifanye nini?*

Dada, hesabu mirusho mwenyewe, kwa kalamu. Mwongozo wa Pitch Smart, wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unaweka kikomo cha 95 kwa siku kwa miaka 15 na 16, na 105 kwa 17 na 18. Akifika miaka 17, mirusho 81 au zaidi inadai mapumziko ya siku nne. Kiwiko kikiuma, mtoe. Usiombe ruhusa ya mtu.

*Baba, Dallas: Kijana wangu ni mfupi. Nimkatishe tamaa?*

Hapana kaka. José Altuve wa Houston ana futi 5 na inchi 6, na 2017 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake. Mpime kwa pigo lake.

*Mama, Columbus: Asipochaguliwa na timu ya ligi kuu kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya (draft) akimaliza sekondari, ndiyo basi?*

La. Akienda chuo cha miaka minne atasubiri hadi amalize mwaka wa tatu au afike miaka 21. Akienda chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa mapema. Mdakaji Mike Piazza alichukuliwa raundi ya 62 ya uchaguzi huo mwaka 1988, na 2016 akaingia Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Siku hizi raundi ni 20 tu, hivyo chuo kimekuwa njia ya wengi. Angalieni masomo yake tangu darasa la tisa.