Gharama za msuluhishi mzazi mwenzio akiwa na kipato tofauti na chako

Wazazi mlioachana mkiamua kumlipa msuluhishi awasaidie mambo ya watoto, nusu kwa nusu sio haki kama mmoja anauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mwenzie ana mshahara. Gaweni kwa uwiano wa kipato. Tuseme mama anabaki na laki 3 kwa mwezi, baba laki 9, jumla milioni 1.2, basi mama ni robo na baba robo tatu, kwahiyo gharama ikiwa laki 4 mama anatoa laki moja baba laki tatu, imeisha.

Shida ni kipato cha ziwani, maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka hela inakata, sasa ukichukua mwezi mmoja tu mtadanganyana. Chukueni wastani wa miezi sita, ondoeni hela ya mtaji kwanza, onyesheni miamala ya simu na salary slip.

Andikeni uwiano huo na msaini KABLA ya kikao cha kwanza, na kila mtu amlipe msuluhishi mwenyewe achukue risiti, ili anayetoa nyingi asijione ndo kamwajiri. Na jamani matunzo ya mtoto yasiguswe hapo, ada na chakula ni hela nyingine kabisa!

Kama hata hiyo robo haipo, nendeni ustawi wa jamii kwanza, au muulizie msaada wa kisheria wa bure, sheria yake ipo tangu 2017.