Unakuja Lamu na watoto wadogo? Hivi ndo uchague boti na nahodha

Kila Disemba ikikaribia watu wanaanza kuuliza, tunakuja Lamu familia nzima, watoto wadogo wawili watatu, tupande boti gani? Na majibu wanayopewa mengi ni ya bei tu, fulani ni rahisi, fulani boti yake ina mito na zulia. Mimi ni mtu wa huku, na nikiona mama amekaa kwenye mashua saa saba mchana na mtoto wa mwaka mmoja kichwa wazi, hamna turubali, maji yamekupwa wamekwama kwenye mchanga wanangoja yajae, roho inaniuma, manake siku ile ingekuwa nzuri kabisa kama wangeuliza maswali matatu manne kabla ya kutoa pesa.

Kwanza kabisa, safari mpangie yule mdogo kuliko wote. Si baba anayetaka kuvua samaki, si shangazi anayetaka picha za machweo. Analala saa ngapi mchana, bado ananyonya, anavaa pampasi, anaogopa maji au ndo wale ukigeuka tu ashaingia? Mkubwa akipata nusu siku atafurahi tu, lakini mdogo akichoka hakuna atakayefurahi kwenye chombo, na baharini huwezi kusema shusha hapo tuite bodaboda. Mtoto ambaye hajafika mwaka, mimi naona muvuke tu Manda, kisiwa cha ng'ambo, au mzunguke mbele ya kijiji cha Shela alasiri jua likipoa, saa moja, saa na nusu, mrudi. Wa miaka 2 mpaka 4 nusu siku inawatosha. Kuanzia 5 na kuendelea hapo sawa, siku nzima, kuvua kwa mshipi, kuchoma samaki ufukweni, wataongea mwaka mzima. Zile safari za kulala njiani mpaka kisiwa cha Kiwayu ni nzuri sana lakini ziacheni mpaka wakue, ni mbali na usiku mtoto akishikwa na homa huko zahanati haiko karibu.

Sasa vyombo. Utakavyoletewa jeti, yaani gatini, ni aina tatu hivi. Kuna mashua na madau ya tanga, ndo hizi watalii wote wanapiga picha. Kuna majahazi, makubwa zaidi, mapana, yametulia majini. Alafu spidi boti za faiba. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 chaguo langu ni jahazi au mashua pana ya tanga ambayo pia ina mashine nyuma, na turubali la kivuli linalofungwa vizuri. Mashine ni lazima, usikubali kuambiwa upepo upo. Upepo unaweza kufa saa tisa na mtoto analia njaa na nyinyi mko katikati ya mkondo mnaangaliana. Na uliza mafuta yapo ya kwenda na kurudi, au mtasimama njiani kutafuta.

Zile mashua ndogo nyembamba zinazoshindana wakati wa sherehe, ambazo mabaharia wanatoka nje kukaa juu ya ubao ili chombo kisilale, hizo ni za vijana. Zinaenda mbio na zinapendeza lakini hamna pa kumlaza mtoto. Spidi boti nayo ina kazi yake, kuwatoa Mokowe, gati ya bara basi linakoishia, kuja mjini kwa dakika chache mkiwa mmechoka na basi ni sawa kabisa, lakini siku nzima kwenye mawimbi inagonga gonga na mtoto mchanga shingo yake bado laini. Ukipanda nayo kaa nyuma, mbele ndo kunakopiga zaidi, na mwambie kapteni polepole tafadhali, una mtoto.

Kwenye chombo cha tanga kuna jambo moja wageni hawalijui. Nahodha akitaka kubisha, yaani kugeuza tanga upande wa pili, foromali, ule mti unaobeba tanga, inazungushwa na kamba zinapita kwa nguvu. Kabla hamjang'oa nanga mwambie awaonyeshe watoto wakae wapi na wainame lini. Nahodha mzuri atafanya hivo bila kuambiwa.

Alafu maji. Hapa ndo watu wengi wanapopotea na hapa ndo ningependa usome polepole. Pwani yetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, kwa hivo mahali ulipopita asubuhi kwa boti, mchana unakuta watu wanatembea kwa miguu. Bamvua ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu ni katikati hapo, tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu na tena 22 au 23. Siku za bamvua kwetu maji hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa asubuhi hio ya saa nne saa tano lakini hayajai sana. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana.

Kwa nini nakuambia yote haya? Chukua Takwa. Ni magofu ya mji wa zamani kule kisiwani Manda, mji uliokuwa na watu karne ya 15 mpaka ya 17, una msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, kaburi la mnara, na mibuyu mikubwa ambayo watoto wataizunguka mpaka wachoke. Watu wa Shela wanasema wazee wao walitoka huko na mpaka leo wanaenda kuomba mvua. Kwa watoto ni mahali pazuri sana, kuna nafasi ya kukimbia, hamna gari. Lakini unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na ule mkono bila maji hauingiliki. Ukienda vibaya mtashuka kwenye matope na watoto mabegani. Ukichelewa kutoka, mmelala pale mpaka maji yarudi. Kwa hivo tafuta zile siku baada ya maji mafu, hapo tarehe 10 au 11 ya mwezi wa Kiislamu, au tena 25 hivi, ambapo maji yanajaa karibu na adhuhuri, muondoke mjini katikati ya asubuhi na maji yanayopanda, muingie, mtembee, mtoke kabla hayajakimbia. Kalenda ya Kiislamu ukutani inakusaidia kuliko programu yoyote ya simu, alafu thibitisha na nahodha.

Na hapo ndo utamjua nahodha. Msalimie vizuri, usianze na bei.

"Asalaam aleikum nahodha."
"Waaleikum salaam, karibu."
"Nina watoto wawili, mdogo ana miaka miwili. Kesho maji yanajaa saa ngapi na utatupeleka wapi?"

Nahodha wa kweli atakujibu saa papo hapo bila kutoa simu, kisha naye atakuuliza, mdogo anatapika akipanda chombo? Wanakula nini? Wanaogelea? Huyo mshike. Akikujibu tu "usijali mama, kila kitu kipo", muulize tena lile swali la maji, na akirudia usijali, mshukuru uende kwa mwingine. Pia hakikisha unayeongea naye ndo atakayeshika usukani, manake kwenye barabara ya mbele wengi wanaokusimamisha ni madalali, wanachukua dipoziti alafu kesho unakuta mtu mwingine na chombo kingine. Muulize mwenye nyumba unapolala, muulize muuza duka, mji ni mdogo, nahodha mzuri anajulikana kwa jina. Na nenda ukione chombo mwenyewe jioni kabla ya safari. Angalia chini ngamani kuna maji kiasi gani, kila chombo cha mbao kinavuja kidogo, lakini kama baharia anafua maji, yaani anayachota kumwaga nje, muda wote na mmefungwa gatini, hicho hapana. Vyombo vidogo na manahodha wanapewa leseni na Kenya Maritime Authority, omba kuona, si matusi.

Laifjaketi. Hapa sina mchezo. Usiulize "mnazo?" manake utaambiwa zipo. Sema nitolee ya mtoto wangu nimvalishe sasa hivi. Mara nyingi zilizopo ni za watu wazima, na jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 3 ni hatari, akianguka majini linapanda juu yeye anateleza chini. Saizi inaenda na kilo, si umri, imeandikwa ndani ya jaketi. Mvalishe, funga zote, alafu mshike mabegani pa jaketi umnyanyue juu kidogo, kama linapita masikio au kidevu kinazama ndani, ni kubwa. Ya mtoto mdogo lazima iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu na kola nyuma ya kichwa inayomgeuza uso juu. Kama unatoka Nairobi au Mombasa nunua huko uje nayo, utaitumia miaka. Yale maboya ya mikononi na mipira ya bata ni vitu vya kuchezea, havihesabiki. Na jaketi linavaliwa kuanzia jeti mpaka jeti, hata kama maji yametulia kama sahani, na wewe mzazi uvae pia, mtoto atakuiga na akianguka wewe ndo utaruka.

Msimu nao. Disemba mpaka Machi ni kaskazi, maji meupe, ukitaka kwenda kuogelea kwenye matumbawe ya Manda Toto ndo wakati wake, ingawa ni mwendo mrefu kwa tanga kwa hivo kwa wadogo nendeni kwa mashine. Kuanzia Aprili kusi inaingia, na Mei mpaka Julai bahari ya nje inachafuka kweli. Likizo ya Agosti bado kuna upepo, lakini si lazima mkae ndani, Lamu ina bahati ya mikondo ya ndani iliyokingwa na mikoko. Msitoke nje ya Shela kwenda bahari kuu, pandeni upande wa kijiji cha Matondoni mkaone mafundi wanavyounda majahazi kwa mkono, au kijiji cha Kipungani wanakosuka mikeka. Siku ya Ijumaa mabaharia wengi wanataka kuswali kwanza, panga mapema sana au baada ya swala. Na mkija wakati wa Maulidi, mfungo sita (mwezi wa Kiislamu wa kuzaliwa Mtume), au tamasha la utamaduni la Novemba, vyombo vinakuwa adimu na bei inapanda, wekeni nafasi kabla.

Kama mdogo wenu hajafika miaka 3 na mnapitia Malindi, mimi ningesema maji ya kwanza ayaonee huko. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, boti zina kioo chini, mtoto anaona samaki akiwa amepakatwa na halowi. Tiketi zinalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, ziko mbali na pesa ya boti. Tofauti ni kwamba Malindi unataka maji yakiwa yamekupwa, samaki wanaonekana vizuri na fungu la mchanga linatokea, kwa hivo zile asubuhi za bamvua zisizofaa Takwa, Malindi ndo zenyewe.

Pesa kwa ufupi. Uliza bei ya chombo kizima, si ya kichwa, familia inapata nafuu. Uliza chakula kimo? Maji ya kunywa? Kiingilio cha Takwa? Miwani ya kuogelea, na ipo ya saizi ya watoto? Toa dipoziti kidogo kwa M-Pesa upate jina, nyingine mkirudi. Na mkubaliane kabisa kwamba nahodha akisema bahari si nzuri safari inasogezwa na pesa haipotei. Usimsukume aondoke. Anayekataa kuondoka ndo wa kumrudia kesho.

Kutapika kunatokea. Asubuhi wape kitu chepesi, mkate mkavu, ndizi, si mahamri ya mafuta na maziwa. Wakae katikati ya chombo ambako hakuyumbi sana, waangalie mbali ufukweni, simu na katuni zizimwe kabisa. Tangawizi inasaidia wakubwa. Dawa za kichefuchefu usimpe mtoto mdogo kwa kukisia, uliza duka la dawa kabla hamjaja, zingine hazifai wa chini ya miaka 2. Beba ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Nguo za mikono mirefu na kofia ya kufunga kidevuni ni bora kuliko mafuta ya jua, na mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 hapakwi, ni kivuli tu. Choo mashua nyingi hazina, beba poti. Pampasi zilizotumika mrudi nazo mjini kwenye mfuko, mikoko ile ndo samaki wetu wanazaa.

Siku yenyewe mkifika gatini msishuke kwa fujo. Mtu mzima mmoja atangulie ndani ya chombo akae chini kabisa, watoto wapokezwe mmoja mmoja kwa mkono wakiwa wameshavaa majaketi, mtu mzima wa pili awe wa mwisho. Ngazi za chini zina ukoga wa bahari, zinateleza, vueni ndara. Na kabla ya kuondoka mwachieni mwenye nyumba jina la nahodha, namba yake na saa mliyosema mtarudi.