Kunasa saa ya Ujerumani ukiwa Mombasa

Redio mbovu msizitupe. Ndani mna kile kijiti cheusi cha feraiti, na hicho ndicho antena ya kunasia DCF77, kituo cha Mainflingen, Ujerumani, kinachorusha saa kwa kilohezi 77.5. Kizungushie waya mwembamba wa shaba hadi koili hiyo ipime milihenri 1, uunge kapasita (kijihifadhi-chaji) ya nanofaradi 4.2 sambamba nao, kisha kikuzaji cha kuongeza nguvu ya ishara.

Kosa la wengi ni kukielekeza kijiti kule kituo kiliko. Ncha zake ni viziwi! Ujerumani kwetu iko kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo, basi kilaze mashariki-magharibi. Jaribu usiku wa manane, maana ni zaidi ya kilomita 6,000 na ishara hufika hafifu, ukibahatika. Zima chaja za simu na taa za LED; kelele zake humeza kila kitu. (Za jirani ndiyo mtihani.)

Kila sekunde ishara hufifia kwa muda mfupi, isipokuwa ya 59: hapo dakika mpya yaja. Ongeza saa 2 upate saa yetu, au 1 wakiwa kwenye majira yao ya kiangazi.