Kostiki imemwagika, unaanzia wapi? Hatua kwa hatua

Kitu cha kwanza ujue, alkali kali (kinyume cha tindikali, mfano kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi) haiumi hapo hapo. Tindikali ikikurukia unaruka na kupiga kelele, lakini kostiki soda inaanza na utelezi tu, kama umeshika sabuni, na kweli ni sabuni maana inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni alafu inazidi kuzama ndani taratibu. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikua nahamisha madumu, nikahisi kiganja kinateleza ndani ya glovu, nikasema ni jasho hili, ngoja nimalizie haya mawili. Kumbe glovu ina tundu. Kovu ninalo mpaka leo.

Hatua ya 1: Rudi nyuma, usisogee kuchungulia

Toa watu wote, simama upande upepo unakotokea, na kama kuna mteremko kaa juu. Kitabu cha mwongozo wa dharura wanachotumia wazimamoto wa Marekani na Kanada, mwongozo namba 154, kinasema tenga eneo mita 50 kila upande kama ni kimiminika na mita 25 kama ni kitu kikavu. Tanki likiwa linawaka moto hapo ni mita 800, na hiyo sio kazi yako tena.

Na usitegemee pua. Maji ya amonia utayasikia ukiwa mbali, macho yanawasha na kifua kinabana, lakini kostiki haina harufu, dimbwi limetulia kama maji ya kudekia vile.

Hatua ya 2: Jua ni nini, alafu piga simu

Tafuta lebo ukiwa mbali. Alama ya vitu vinavyobabua ina chupa mbili zinadondosha matone, moja juu ya mkono na nyingine juu ya chuma, na chini kuna namba 8. Kwenye gari la tanki kuna kibao cha rangi ya chungwa, ile namba ya chini ndo utambulisho wa kemikali: 1824 ni kostiki ya maji, 1823 ni kavu, 1814 ni potasiamu haidroksaidi ya maji, 2672 ni maji ya amonia. Wape zimamoto hiyo namba, usianze kuwaelezea "ni kitu cheupe hivi".

Hatua ya 3: Mtu kwanza, sakafu baadae

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, watu wengi huwa wanaharakisha. Aliyemwagikiwa mpeleke kwenye maji yanayotiririka sasa hivi, bomba, mpira, ndoo, chochote, na wewe unayemsaidia vaa glovu. Nguo zinatoka huku maji yanaendelea, viatu, soksi, saa, pete, vyote, maana chini ya mkanda wa saa ndo kostiki inapojificha. Kama ni ya unga au vipande, ipangusie mbali kwanza ikiwa kavu, alafu maji mengi kwa mkupuo, sio kitambaa kibichi, kitambaa kibichi kinaipika pale pale kwenye ngozi.

Dakika 30 ndo kima cha chini, na angalia saa, usikisie. Mtu atakwambia "nimepoa, haiumi", usimsikilize, nimeshakwambia hii kitu haiumi mapema. Kama bado kuna utelezi, endelea.

Macho ndo balaa lenyewe. Alkali inapenya kioo cha jicho haraka kuliko tindikali. Mtu atayafumba kwa nguvu, kwahiyo mmoja ashike kope zifunguke na mwingine amwage maji taratibu kuanzia upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Lenzi zikitoka kirahisi zitoe. Hata njiani kwenda hospitali maji yaendelee.

Siki na ndimu weka pembeni kabisa. Ukichanganya tindikali na alkali juu ya ngozi unatengeneza joto, unampa mtu majeraha mawili. Akiwa amemeza, asukutue mdomo na kutema, asitapishwe, maana ikipanda inaunguza koo mara ya pili.

Hatua ya 4: Vaa kabla ya kugusa

Glovu ndefu za naitraili, neoprini au PVC. Za ngozi hapana, kostiki inakula ngozi, iwe ya ng'ombe au yako. Miwani iliyoziba pembeni na kioo cha uso juu yake, aproni ya mpira, gambuti, na suruali iwe NJE ya gambuti, ukiichomekea ndani umetengeneza faneli. Mvuke wa amonia waachie wenye mitungi ya hewa.

Hatua ya 5: Zuia isitembee

Simamisha dumu, funga valvu kama inafikika bila kukanyaga dimbwi, zungushia mchanga mkavu, na mtaro uzibe mapema. Mwaka 2005 huko Kanada mabehewa ya treni yaliacha reli, kama lita 40,000 za kostiki zikaingia mto Cheakamus, samaki zaidi ya laki tano wakafa. Wewe utakua na dumu moja, sawa, ila mtaro nao unaenda mahali.

Koleo la alumini au ndoo ya bati usilete hapa. Alkali ikikutana na alumini au zinki inatoa haidrojeni, na haidrojeni inalipuka. Tumia plastiki.

Hatua ya 6: Kusanya, alafu ndo usafishe

Maji mengi niliyosema ni ya mtu. Ukimwagia kostiki kavu maji kidogo inachemka na kukurukia usoni, kwahiyo ichote ikiwa kavu, taratibu, bila kupeperusha vumbi. Ya maji ifunike na mchanga kuanzia pembeni kuja katikati, ikishanyonywa chota uweke kwenye pipa la plastiki lenye lebo, lisubiri wanaoshughulika na taka za kemikali.

Mabaki membamba sakafuni ndo unaweza kuyapoza na sitriki asidi (tindikali ya ndimu) iliyozimuliwa, kidogo kidogo, huku unapima na karatasi ya pH (inayobadilika rangi kuonyesha ukali wa tindikali au alkali, 7 ndo katikati) mpaka ifike kati ya 6 na 9. Tindikali kali hapana. Na utelezi wa sakafu usiujaribu kwa kidole, jamani, karatasi ipo.

Ukimaliza osha glovu zikiwa bado mkononi, ndo uzivue. Alafu zijaze maji, uzibane, uangalie kila kidole kama kinavuja. Ile yangu tundu lilikua pembeni ya kidole gumba, dogo kama ncha ya sindano.