Ukikuta vita ya Kilimanjaro mtandaoni, fanya hivi kabla hujaingia

Aisee, kila baada ya miezi kadhaa mlima wetu unaibiwa. Mi naishi Moshi, nikifungua dirisha asubuhi Kibo hiyo hapo, mawingu yakitaka, ila nikiingia X naambiwa Wakenya wameshaubeba na mzalendo wa kweli atoke akapigane. Nimepigana sana, kuna siku nilitukana mpaka bando likaisha, siku hizi nafanya hivi.

Bonyeza akaunti iliyoanzisha. Tangu Novemba 2025 ukigusa tarehe ya kujiunga X inakuonyesha akaunti iko nchi gani, na ilipoanza tu akaunti kibao za wazalendo wa Marekani zikakutwa ziko nje kabisa ya Marekani, maana X inalipa baadhi ya akaunti kulingana na posti zinavyochangamkiwa, na hasira inachangamsha kuliko kitu chochote. Ila VPN inaweza kudanganya hapo, kwa hiyo shuka usome alichoandika mwezi uliopita. Kama leo ni Mkenya mwenye uchungu na mwezi jana alikuwa Mnaijeria anagombania wali wa jollof, huyo yuko kazini, mwache.

Picha nazo. Mwaka 2017 serikali yetu ilichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga, sasa juzi mjomba kairusha picha ya lile tukio kwenye grupu la ukoo, "wamechoma tena!", watu povu. Nikaipitisha Google Lens, ile ya kutafuta picha ilikotoka, zikaja habari za 2017. Usimsahihishe mzee mbele ya wakwe, atakaza hapohapo, we mfuate inbox: "Shikamoo mjomba, ile picha naona ni ya zamani, hebu icheki." Akaifuta mwenyewe kimyakimya.

Ukishindwa kabisa kunyamaza, jibu mara moja afu toka: mlima uko Tanzania, mita 5,895, Amboseli kule Kenya wanauona vizuri na kuona sio kuiba. Na ile stori ya malkia wa Uingereza kumpa mjukuu wake Mjerumani mlima kama zawadi ya bethdei usiitumie, ni hadithi tu, mpaka ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886. Usikwoti, unampandisha, piga skrinshoti. Na usitunge kitu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 ukisambaza uongo kwa makusudi ili kupotosha watu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

Afu usidhani trendi ndo wananchi. Mi nikitaka kujua watu wanasemaje napanda hiace ya Holili, nakaa na wamama wa Himo wanaovusha ndizi kwenda Taveta. Wanachobishania ni shilingi ya Kenya leo inachenjiwa ngapi. Nilimuuliza mmoja, mama eti Kilimanjaro ni ya nani, akaniangalia weee, akasema mwanangu, ndizi unanunua au nikufungulie njia?